Kijiko cha Sukari Kirudi Mkononi mwa Mgeni

Katika adabu zote tulizorithi sisi watu wa pwani, hapana inayotutia fahari kuliko ukarimu. Mtu akipiga hodi huambiwa karibu kabla hajajulikana ni nani, na kabla hajamaliza kuulizwa hali za watoto, chai imekwisha kuwekwa mbele yake. Pembeni ya chai hiyo hakukosekani mahamri, au visheti, au kaimati, au kipande cha mkate wa sinia. Adabu hii ni njema, wala sina nia ya kuibomoa. Ninalotaka kusema leo ni jambo moja dogo lililomo ndani yake, nalo ni kijiko cha sukari. Kijiko hicho kimetoka mkononi mwa mgeni kikashikwa na mwenyeji, na kwa sababu hiyo watu wengi wanaumia huku wakitabasamu na kusema ahsante.

Nayaandika haya nikiwa Isecheno, na huenda wengi wenu hamjapata kulisikia jina hilo. Isecheno ni kituo cha msitu katika upande wa kusini wa Msitu wa Kakamega, magharibi mwa Kenya. Mtu akitoka Kisumu kuelekea mji wa Kakamega hukata kulia pale Khayega, akapita soko la Shinyalu ambako Waisukha hupiganisha mafahali, kisha akafika mahali ambapo mashamba yanakwisha ghafla na miti mirefu inaanza. Huu ni mwaka wangu wa nne huku, nilikoletwa na kazi. Kwa mtu wa Mombasa ni mahali pa baridi na mvua, na baridi na mvua ni marafiki wa chai. Chai yenyewe inaota mbele ya macho yetu, maana kando ya msitu upo ukanda wa michai uliopandwa chini ya mpango wa Nyayo Tea Zones ulioanza mwaka 1986, ili mashamba yasizidi kuula msitu. Na sukari nayo haiko mbali. Ukienda magharibi kuelekea Mumias, ambako kiwanda kilianza kusaga miwa mwaka 1973, utayaona mashamba ya miwa pande zote mbili za barabara.

Wala Mwislamu wa pwani asidhani huku ni ugenini mtupu. Misafara ya wafanyabiashara wa Kiswahili ilifika Mumias, kwenye makao ya watawala wa Wanga, tangu karne ya kumi na tisa. Mpaka leo Mumias ina misikiti na madrasa, na watu wake hupika pilau siku ya Idi kama sisi. Kwa hiyo ninayoyasema yanawahusu wa huku na wa huko.

Basi mimi nimekaa katikati ya majani ya chai na miwa, nami ni mgonjwa wa kisukari mwaka wa saba sasa. Nadhani nina haki ya kusema neno.

HESABU YA KIJIKO

Tuanze na damu yenyewe. Mtu mzima mwenye afya ana damu ipatayo lita tano, na katika damu yote hiyo, kabla hajala, sukari iliyomo ni kama kijiko kimoja tu cha chai. Kiasi hicho kidogo ndicho kinacholisha ubongo na viungo saa zote. Tukila, sukari hupanda. Na hapo kiungo kiitwacho kongosho, kilichojificha nyuma ya tumbo la chakula, hutoa insulini, ambayo hufungua milango ya mwili ili sukari iingie ikafanye kazi. Kwa mwenye kisukari insulini hiyo haipo, au ni haba, au ipo lakini milango haiitikii. Sukari hubaki damuni, na ikizidi kubaki hivyo miaka kwa miaka huharibu mishipa ya macho, ya figo, ya moyo na ya miguu. Ndiyo sababu daktari hataki kuona sukari ikipanda kama mnazi na kuporomoka kama nazi. Anataka itulie.

Sasa tazama kijiko. Kijiko cha chai hubeba kama gramu nne za sukari. Kikombe chenye vijiko vitatu kina gramu 12. Mtu anayekunywa vikombe vitano kwa siku, yaani kimoja asubuhi, kimoja saa nne kazini, kimoja alasiri, kimoja kwa jirani na kimoja baada ya isha, amekunywa gramu 60. Kwa mwezi ni karibu kilo mbili, na hapo hatujahesabu hamri wala soda. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake mwaka 2015 lilisema kwamba sukari ya kuongezwa isipite sehemu moja ya kumi ya nguvu ya chakula cha siku, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 50, na kwamba ikishuka hadi gramu 25 ni bora zaidi. Gramu 25 ni vijiko sita. Chupa moja ya soda ya kola ya mililita 300 peke yake ina zaidi ya gramu 30. Glasi ya robo lita ya maji ya miwa, yale tunayoyapenda yenye ndimu na tangawizi, nayo hupita gramu 25.

Haba na haba hujaza kibaba. Msemo huu tumezoea kuutumia tukimhimiza mtu aweke akiba, lakini kisukari nacho huweka akiba kwa mtindo huo huo.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui ni kwamba sukari ya kunywa ina mbio kuliko sukari ya kutafuna. Chungwa likiliwa zima, nyuzinyuzi zake huizuia sukari isikimbie. Machungwa manne yakikamuliwa katika glasi moja, nyuzi zimebaki kwenye chujio na sukari imeachwa peke yake. Inashuka tumboni haina wa kuishika mkono, na baada ya dakika chache imo damuni. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kula embe nusu akawa salama, kisha akanywa sharubati ya embe hilo hilo iliyotiwa sukari akajiona kichwa kizito na ulimi mkavu.

Mwaka 2015 ulifanywa uchunguzi wa nchi nzima hapa Kenya kuhusu maradhi yasiyoambukiza. Ulionyesha kwamba watu wazima wapatao wawili katika kila mia wana kisukari. Mtu atasema, hao ni wachache. Lakini uchunguzi huo huo ulionyesha kwamba karibu watu 88 katika kila mia hawakuwa wamepata kupimwa sukari hata mara moja maishani mwao. Hivyo basi, ukiwa na wageni kumi barazani, aghalabu tisa kati yao hawajui damu yao inasema nini, nawe unawakorogea vijiko vitatu vitatu.

MGENI NJOO, MWENYEJI APONE

Nilikuwa na mama mdogo pale Mombasa, Mungu amrehemu. Alikuwa mtu wa watu. Hapana arusi, hitima, maulidi wala matanga ambayo hakuhudhuria, na mara nyingi yeye ndiye aliyesimamia vyungu. Alipoambiwa na daktari kwamba ana sukari, alitwambia sisi wa nyumbani lakini huko nje alinyamaza. Hakunyamaza kwa ujinga. Alijua kila alikokwenda kulikuwa na birika, na chai ilikuwa imekwisha kutiwa sukari humo humo birikani kabla mtu hajaketi. Siku moja alijaribu kukataa, na mwenye nyumba akamwambia mbele ya watu, "Yamekuwa hayo, bibi? Chai yetu ina nini leo?" Akanywa. Mahali pengine aliambiwa, "Leo tu, kijiko kimoja hakiui." Akanywa. Siku nyingine chai ilikuwa ya matanga, na nani akatae chai ya wafiwa?

Kidonda kilianza na ukanda wa ndara, mahali padogo kuliko ukucha. Hakukisikia, kwa vile mishipa ya mguu ilikuwa imekwisha kufa ganzi. Baada ya miezi michache mguu ulikatwa chini ya goti. Aliishi miaka miwili zaidi, na katika miaka hiyo wale wale waliokuwa wakimwambia "leo tu" ndio waliokuja kumtazama kwa mapenzi ya kweli, wakalia naye, wakamwombea dua, wakaletewa chai.

Siwalaumu. Walikuwa wakifanya walivyofundishwa. Lakini wahenga waliposema mgeni njoo mwenyeji apone, walikusudia kwamba ujio wa mgeni ulete uzima nyumbani. Sidhani walikusudia mwenyeji apone na mgeni augue.

Huku Isecheno chai hupikwa kwa mtindo mwingine, na kwa mgonjwa mtindo huo una hatari kubwa zaidi. Maji, maziwa, majani na sukari huingia pamoja katika sufuria moja juu ya moto wa kuni, na chai huletwa imekwisha kukolea. Mgeni hana la kuchagua. Nilipofika, nilimwambia mama mmoja jirani yangu, ambaye huniita Shehe kwa sababu ya kofia yangu tu, kwamba mimi nina ugonjwa wa sukari na chai hii siiwezi. Nilikuwa tayari kusikia "leo tu". Sikusikia. Aliniuliza swali moja, "Sasa Shehe, wewe unakula nini?"

Tangu siku hiyo nikifika kwake hutenga maji kabla ya kutia sukari, akanipikia strungi, maana ndivyo wanavyoiita huku turungi yetu, akaniletea na sahani ya njugu au vipande viwili vya nduma. Wala hakuna aliyeona kwamba nimeikataa nyumba yake. Baada ya wiki kadhaa mumewe akaanza kuomba "chai ya Shehe". Baadaye naye akaenda kupimwa, akaambiwa sukari yake imeanza kupanda lakini bado hajafikia ugonjwa, na akitazama mdomo wake huenda asifikie.

Wasomaji, katika swali la yule mama nimeona ukarimu mkubwa kuliko birika zima la chai. Kumuuliza mgeni anakula nini ni kumheshimu. Kumlazimisha ale ulichokwisha kupika ni kujiheshimu mwenyewe kwa tumbo la mtu mwingine.

KAHAWA CHUNGU NA HALUA

Watasema wengine kwamba nimekaa bara hata nimesahau kwetu. Hasha. Ninachokitaka ndicho kilichokuwa kwetu kabla ya mambo kuchafuka.

Kumbukeni muuza kahawa na dele lake la shaba, akigonga vikombe mkononi jioni. Kahawa ile ni chungu, ina tangawizi au iliki, na haina hata chembe ya sukari. Kikombe chake ni kidogo, huenei midomo miwili. Pamoja nayo mtu hula kipande cha halua kama ncha ya kidole gumba, au kashata moja, au tende mbili. Utamu ulikuwa na mahali pake, na uchungu ulikuwa na mahali pake. Uchungu ndio uliokuwa mwingi na utamu ndio uliokuwa kidogo, na kwa sababu ulikuwa kidogo mtu aliuonja kwa raha. Wazee wetu hawakujua neno insulini, lililokuja kujulikana duniani baada ya kazi ya madaktari wa Toronto mwaka 1921, lakini walijua kipimo.

Kisha sukari ikawa rahisi. Kiwanda cha Miwani kilifunguliwa mwaka 1922 na cha Ramisi, huko Kwale kwetu, mwaka 1927. Michai ya kwanza ya Kenya ilikuwa imepandwa Limuru mwaka 1903. Chai na sukari zikaoana, arusi yao ikawa ya kila siku, na kahawa chungu ikabaki barazani kwa wazee. Halua ilikuwa kitu cha arusi na Idi. Sasa utamu wa Idi unanyweka mara tano kwa siku katika kikombe kikubwa, tena bila ya Idi.

Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba kinywaji kisicho na sukari ni desturi ya wazungu au ya mahospitali. Babu yake alikinywa kila jioni akiwa ameegemea nguzo ya msikiti.

VITAFUNIO VYENYE AKILI

Niseme sasa juu ya vitafunio, maana mgonjwa hatakiwi kufunga kinywa kwa kufuli. Anatakiwa ajue nani amsindikize nani.

Wanga mweupe ukienda peke yake hukimbia. Ukifuatana na njugu, maharagwe, samaki, yai, maziwa yasiyo na sukari au mboga, hutembea. Tazameni jinsi wazee walivyokuwa na hekima walipoweka mbaazi za nazi karibu na mahamri. Mbaazi zina nyuzinyuzi na zina utomwili, nazo huishika sukari ya unga isipande kwa pupa. Kosa letu ni kwamba siku hizi hamri ni tano na mbaazi ni kijiko cha kuchovya. Pindueni hesabu hiyo. Bakuli liwe la mbaazi, hamri ziwe moja au mbili ndogo, na chai iwe ya mkandaa bila sukari. Hapo mtu amekula chakula cha kwao na hakupungukiwa na kitu.

Kadhalika korosho za Kilifi na njugu za kukaanga, ukumbi mmoja wa mkono, ni kitafunio bora kuliko biskuti. Bajia za kunde ni afadhali kuliko kaimati za shira. Kikombe cha maziwa ya mgando yasiyotiwa sukari kinamfaa mtu alasiri kuliko soda. Dafu lina sukari yake pia, ijapokuwa ni kidogo kuliko ya soda, basi mgonjwa anywe nusu na alihesabu. Mabuyu ya rangi yamevikwa sukari kama kanzu, na mtoto anayeyatafuna kutwa anajenga tabia atakayoililia utu uzima wake.

Hapa Isecheno vitafunio vya watu wa mashamba ni viazi vitamu, nduma, mahindi ya kuchoma na njugu. Viazi vitamu vikichemshwa hupandisha sukari taratibu kuliko vikichomwa jikoni au kuokwa, nami nimelishuhudia hilo kwa kipimo changu cha kidole. Hata hivyo kiazi ni wanga, na mtu akila vitatu vikubwa asije akasema daktari alimruhusu. Uji wa wimbi nao unasifiwa sana. Ni kweli kwamba wimbi lisilokobolewa ni bora kuliko unga mweupe, lakini ukiutia vijiko vinne vya sukari umekwisha kuiua sifa yake.

Upo pia mzizi mmoja wa msituni uitwao mukombero. Vijana huufunga vitita vidogo wakauuza njiani, na siku hizi huonekana hata katika miji mikubwa. Mtu huutafuna, ukaanza na ukali kidogo kisha ukaacha ladha tamu kinywani. Mzizi huu ulichimbwa sana msituni hata wenyeji wengine wakaanza kuupanda mashambani mwao. Mimi huutafuna badala ya peremende nikiwa safarini. Lakini muuzaji akiniambia kwamba unatibu kisukari namshukuru, namlipa, na jioni nameza dawa yangu kama kawaida. Ndivyo ninavyowaambia na nyinyi juu ya mlonge, muarubaini na habasoda. Mtu asiache dawa ya daktari kwa sababu ya jani lililosifiwa na jirani.

Wala msidanganyike na sukari guru au asali. Kuna wanaosema guru haina neno kwa vile ni ya asili na haikupita kiwandani. Miwa nayo ni ya asili. Damu haiulizi sukari imetoka wapi wala ina rangi gani, inaihesabu tu. Asali ina heshima yake katika dini yetu, nami siipunguzii, lakini chovya chovya humaliza buyu la asali, na kongosho la mgonjwa ni buyu lililokwisha kutoboka.

Jambo la mwisho katika haya ni miguu. Mtu akitembea dakika kumi au kumi na tano baada ya kula, misuli yake huivuta sukari kutoka damuni. Anayekwenda msikitini kwa miguu baada ya chakula cha usiku amepata thawabu na amepata tiba. Anayepanda bodaboda kutoka mlango wa nyumba hadi mlango wa msikiti amebakiwa na moja.

MWEZI WA RAMADHANI

Hapana wakati kijiko cha sukari kinapotupiga kama mwezi mtukufu. Mchana kutwa mtu hakula, na magharibi ikiadhiniwa anakutana na tende, sharubati, kaimati za shira, tambi za sukari, viazi vya nazi na mkate wa sinia, vyote katika mkeka mmoja na nusu saa moja. Sukari iliyokuwa chini inapanda ghafla. Kisha mtu hushangaa kwamba kwenye tarawehe anasinzia na kiu haimwishi.

Mtume, rehema na amani zimshukie, alifungua kwa tende chache na maji. Basi nasi tufungue kwa tende moja au tatu, tunywe maji, tuswali magharibi, kisha tule chakula chenye mboga na samaki na kiasi cha wanga. Kama ni kitamu, kiwe kimoja. Leo kaimati, kesho tambi. Sharubati ya ukwaju inaweza kunywewa bila sukari au kwa sukari kidogo sana, na ukali wake ndio uzuri wake. Daku nalo lisogezwe mwisho wa usiku, liwe na kitu cha kudumu tumboni kama mbaazi, maharagwe au yai, kuliko chai tamu na mkate mweupe ambao saa tatu asubuhi umekwisha kumtoka mtu.

Anayetumia insulini au vidonge asianze kufunga kabla ya kuzungumza na daktari wake, tena wiki kadhaa mapema, kwa vile saa za dawa na vipimo vyake hubadilika. Kujichoma kidole kupima sukari hakufunguzi, na madaktari na wanavyuoni wameliafiki hilo. Mwongozo wa kimataifa juu ya kisukari na Ramadhani unasema kwamba kipimo kikishuka chini ya 3.9, au kikipanda juu ya 16.6, mtu afungue mara moja hata kama magharibi imebaki dakika kumi. Mgonjwa akitokwa na jasho la baridi, akitetemeka au akianza kusema ovyo, hiyo ni sukari iliyoshuka. Kama anaweza kumeza, apewe vijiko vitatu au vinne vya sukari katika maji, kisha apimwe tena baada ya robo saa. Siku hiyo sukari ndiyo dawa. Na ruhusa ya mgonjwa imo ndani ya Qurani yenyewe, katika Suratul Baqara. Anayeikataa ruhusa ya Mola wake kwa kuogopa macho ya jirani anafunga kwa ajili ya nani?

SUKARI IWEKWE PEMBENI

Ninaloliomba si kubwa. Chai ipikwe bila sukari, na bakuli la sukari lenye kijiko liwekwe juu ya sinia. Anayetaka vitatu atie vitatu, anayetaka nusu atie nusu, na asiyetaka apite bila ya kuulizwa ana nini. Mama mdogo wangu angekuwa na bakuli hilo mbele yake, angemimina chai yake kimya kimya, akanywa na wafiwa, na hapana ambaye angejua.

Wasimamizi wa arusi na hitima ndio wa kuanza, maana wao ndio wenye vyungu na wao ndio wanaoigwa. Birika moja la mkandaa lisilo na sukari likae karibu na lile la maziwa. Pakiwa na soda, pawe na maji baridi ya kunywa katika glasi nzuri zile zile, ili mwenye kunywa maji asionekane maskini. Na neno "leo tu" tulifute katika ndimi zetu, kwa sababu mgonjwa huambiwa "leo tu" na watu thelathini tofauti katika mwezi mmoja.

Najua nitajibiwa kwamba chai isiyo na sukari haina ladha. Hiyo ni mazoea. Ulimi ni mwanafunzi, hujifunza. Mtu apunguze nusu kijiko kila baada ya wiki mbili, atie iliki, mdalasini, tangawizi au mchaichai, na baada ya miezi mitatu atakapopewa ile chai yake ya zamani ataona imekuwa shira.

Kwa wenye afya nasema, nendeni mkapimwe. Ni tone moja la damu. Kabla ya kula asubuhi kipimo kikiwa chini ya 5.6 mshukuruni Mungu na mjihadhari, na kikifika 7 au zaidi mrudie kipimo na mkae na daktari. Kwa wagonjwa wenzangu nasema, msione haya. Semeni mapema, kabla birika halijafika, "Mimi nina sukari." Mwenyeji mwenye mapenzi ya kweli atawauliza mnakula nini, kama nilivyoulizwa mimi huku kwenye baridi ya Isecheno na mama asiyejua hata mji niliotoka.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu uko kwenye kikombe, na wa kuuziba ni kijiko kile kile, kikirudi mkononi mwa mwenye tumbo lake.